Tanbihi ya Bwana Mkurugenzi

Chuo Kikuu kiliutangazia umma, kwa fahari kubwa na kwa herufi kubwa zaidi, kwamba Shahada ya Uzamili ya Historia imefufuliwa rasmi. Zama za kubahatisha mambo ya zamani zimekwisha, lilisema tangazo; kuanzia sasa mambo ya zamani yatasimamiwa kitaalamu, kwa mujibu wa kanuni, chini ya Kurugenzi ya Udahili. Waombaji wenye sifa waliombwa kuwasilisha maombi yao mapema, ili yapate muda wa kutosha wa kusubiri.

Miongoni mwa waliolisoma tangazo hilo, wakamaliza na kulirudia, alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, ambaye wanafunzi wake walimpachika jina la Mwalimu Enzi kwa sababu hakuweza kufungua kipindi bila kusema "enzi zile". Alifundisha historia kwa vitabu vilivyonyofoka kurasa za mwisho, hivyo darasani kwake vita vyote vilianza na hakuna kilichokwisha.

Alikuwa na jambo lake. Mama yake mzazi alikuwa na karakana ya ushonaji, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, cherehani zimepangwa ukutani, na meza ya kukatia katikati iliyochorwa chaki hadi mbao zenyewe zikabadilika rangi. Mwalimu Enzi alikulia chini ya meza hiyo. Na alikuwa amegundua kwamba vitabu vyote vya nchi vilieleza nani alivaa sare gani siku nchi ilipojitawala, na alitoa hotuba gani akiwa ameivaa. Nani aliishona sare yenyewe, kitabu hakikusema. Walioshona walikuwa wanawake, na wengi walishatangulia. Aliyebaki karibu ni Bi Vifungo, aliyemfundisha mama yake kazi, ambaye mikono ilishaanza kumtetemeka lakini kila asubuhi alikuja karakanani, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani na kukosoa mishono ya wenzake.

"Sasa si umuulize tu?" mama alimwambia binti yake. "Huyo hapo, anakunywa chai."

"Mama, utafiti una utaratibu. Nidahiliwe kwanza, nipate msimamizi, nipate kibali. Nikimuuliza hivi hivi, huo si utafiti."

"Ni nini?"

"Ni umbea."

Mama alikata uzi kwa meno. "Basi mimi nimefanya umbea maisha yangu yote, na sijawahi kudaiwa kibali."

"Mwache mtoto afuate utaratibu wao," alisema Bi Vifungo kutoka dirishani. "Mimi sina safari."

Basi Mwalimu Enzi akafuata utaratibu. Alijaza alichotakiwa kujaza, akagonga mihuri ilikotakiwa kugongwa, akapata barua za sifa njema kutoka kwa mkuu wake wa shule na kwa mtu mwingine ambaye hakuwa mkuu wa chochote lakini aliandika vizuri. Akapeleka ombi lake kwenye dirisha la Udahili. Karani wa dirisha, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini, alilipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akamwambia atajulishwa.

Kuanzia hapo Mwalimu Enzi hakuwa tena mtu wa kawaida. Alikuwa mtu anayesubiri. Simu ikilia kidogo mfukoni, chaki inamponyoka. Anaichomoa, anasoma: "Ndugu mteja, jipatie zawadi kabambe." Alianza kuvaa viatu vizuri siku za kazi, asije akaitwa ghafla akiwa na kandambili. Mwenye duka la jirani akawa hamsalimii tena, anauliza tu, "Wamekujibu?" Mkuu wa shule alimwita ofisini kwa upole, akamuuliza kama muhula ujao amwandike kwenye ratiba au asimwandike. Mwalimu Enzi akasema amwandike kwa penseli.

Muhula ule ukaisha, na mwingine. Akaenda dirishani.

"Ombi lako lipo kwenye mchakato," alisema karani.

"Na mchakato upo wapi?"

"Upo kwa Mkurugenzi."

"Mkurugenzi yupo?"

"Yupo kwenye kikao cha mchakato."

Aliposota benchini siku nzima na nyingine tena, hatimaye aliruhusiwa kumwona Mkurugenzi wa Udahili. Alikuwa mwanaume mnene, nadhifu, mwenye meza pana isiyokuwa na karatasi hata moja, kwa sababu karatasi zote zilikuwa sakafuni, zimepangwa kwa marundo kuzunguka kuta hadi usawa wa madirisha. Alimkaribisha vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mikakati.

"Mwalimu, nikuulize. Unajua kwa nini watu wa uhasibu tunawajibu haraka?"

"Sijui, Mkurugenzi."

"Kwa sababu uhasibu ni mambo ya leo. Ukichelewa, hesabu zinaharibika. Lakini historia ni somo la muda. Mambo yake yote yameshapita, hayana pa kukimbilia. Mwombaji wa historia asiyeweza kusubiri, huyo atawezaje kushughulika na karne nzima?"

"Kwa hiyo kusubiri ni sehemu ya usaili?"

"Kusubiri ndio usaili wenyewe," alisema Mkurugenzi, akatabasamu kwa jinsi alivyoeleweka. "Na nisikufiche, kwa kuwa naona una nia. Kuja kuulizia kunapunguza alama."

Mwalimu Enzi aliomba radhi kwa kuja. Alipofika nje ndipo alipojiuliza ameomba radhi ya nini, lakini mlango ulishafungwa.

Hata angedahiliwa siku ile, angekuwa peke yake. Idara ya Historia ilikuwa na Profesa mmoja, mzee mwembamba aliyepewa ukumbi wa mihadhara na kunyimwa wanafunzi. Kwa kuwa mkataba ulimtaka afundishe, alifundisha. Alisimama mbele ya viti vitupu, akatoa mhadhara, kisha akauliza kama kuna maswali. Siku Mwalimu Enzi alipochungulia mlangoni, Profesa alinyamaza katikati ya sentensi, akavua miwani, akaifuta.

"Wewe ni wa kweli?" aliuliza.

"Mimi ni mwombaji, Profesa."

"Aa," alisema Profesa, akavaa tena miwani na kuendelea.

Haikupita muda, Wizara ikamtuma mgeni rasmi kukagua chuo. Mgeni rasmi aliingia ofisi ya Mkurugenzi, akatazama marundo, akauliza haya makaratasi ni ya lini. Wengine wangebabaika. Mkurugenzi wa Udahili hakubabaika. Kesho yake chuo kizima kiliamkia Waraka wa Kutenganisha Yaliyopo na Yaliyopita, ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe na kusainiwa na Makamu Mkuu wa Chuo bila kusomwa. Waraka ulisema hivi: karatasi yoyote iliyokaa sakafuni au juu ya meza yoyote kwa zaidi ya mwaka si kazi iliyochelewa tena. Ni historia. Ihamishiwe mara moja katika Hifadhi ya Nyaraka. Na kwa kuwa nyaraka za kihistoria ni mali nyeti, zisiguswe na mtu yeyote isipokuwa wanafunzi wa uzamili wa Historia.

Matarishi wakazoa marundo kwa mikokoteni. Siku ile ile Kurugenzi ya Udahili ikatoa taarifa kwamba haina ombi hata moja lililochelewa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu chuo kianzishwe. Mkurugenzi alipewa ngao na kupigwa picha akiwa ameishika.

Mwalimu Enzi alisikia habari hizo, akaenda dirishani mbio.

"Hongera," alisema karani. "Ombi lako limetoka kwenye mchakato."

"Nimekubaliwa?"

"Umehifadhiwa."

Mwalimu Enzi alishika ukingo wa dirisha. "Naweza kuliona ombi langu?"

"Ukiwa mwanafunzi wa uzamili wa Historia."

"Na nitakuwaje mwanafunzi?"

"Ombi lako likishapitiwa."

"Lipitiwe na nani, dada yangu, kama haliguswi?"

Karani alitazama nyuma yake, kisha akamwinamia. Alisema taratibu, kama muuguzi anayetoa majibu ya vipimo. "Na mwanafunzi wa uzamili wa Historia. Nimeuliza mara mbili, mama. Nilidhani nimesikia vibaya."

Mwalimu Enzi alirudi karakanani jioni hiyo. Alivuta kigoda, akakaa miguuni pa Bi Vifungo, akatoa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

"Kibali kimetoka?" aliuliza Bi Vifungo.

"Hapana, bibi. Nimekuja kufanya umbea."

"Ehe," alisema bibi, akajiweka sawa kitini. "Sasa ndio umekuwa mtu."

Walianza hivyo. Kila jioni baada ya shule, cherehani zikipunguza kelele, Bi Vifungo alisimulia. Alieleza jinsi kitambaa cha sare za kwanza kilivyoletwa rangi isiyo yake, wakakichovya upya kwenye mapipa hadi viganja vikawa vya buluu, wakaenda kuangalia gwaride wameficha mikono chini ya khanga. Alieleza jinsi ofisa mmoja mkubwa alivyopasukiwa suruali asubuhi ya sherehe yenyewe, akashonewa akiwa ameivaa, amesimama kwenye kiti, anafanya mazoezi ya hotuba huku sindano ikipita. "Pale aliposema 'tusirudi nyuma', nilimwambia, bwana, na wewe usirudi nyuma, utachomwa." Mama mtu alicheka hadi akakosea mshono.

Kisha wakafika kwenye kola. Sare za watoto wa shule zilikuwa na kola ya namna yake, pana, yenye kona za mviringo, ambayo kila aliyesoma nchini humo aliivaa na hakuna aliyejua imetoka wapi.

"Ile aliibuni mwenzetu mmoja," alisema Bi Vifungo. "Alikuwa na mtoto mgonjwa shingoni, kola za kawaida zilikuwa zinamkwaruza. Akamkatia ile. Wakubwa wakaipenda, wakaichukua kwa watoto wote. Yeye hawakumuuliza hata jina."

"Wewe unalijua jina lake, bibi?"

"Nisilijue, tumekula sahani moja? Lakini habari zake ndefu, na leo nimechoka. Jumatatu."

Jumapili Bi Vifungo hakuamka. Alikwenda usingizini, bila kumsumbua mtu. Mama alifunika cherehani zote kwa shuka, na karakana ikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu Enzi apate akili. Aliuliza kila mzee aliyemfahamu kuhusu mshonaji wa kola. Wengine walimkumbuka sura. Jina hakuna. Alikaa kwenye kigoda chake, akatazama kiti cha dirishani, akafikiria zile jioni zote alizopita karibu na kiti hicho akiwa na viatu vizuri, simu mkononi, akisubiri aruhusiwe kuuliza.

Sasa turudi kwa Mkurugenzi, maana naye alikuwa na ombi lake.

Mkataba wake wa uongozi ulikuwa unakaribia kwisha. Kanuni ilimtaka aombe kuongezewa muda mapema sana, na yeye, mtu wa kanuni, aliomba mapema sana. Ombi likawekwa juu ya meza ya Makamu Mkuu wa Chuo, likakaa. Likakaa zaidi ya mwaka. Na matarishi walipopita na mikokoteni yao, hawakubagua meza.

Makamu Mkuu alimwita. "Bwana, nataka kukuongezea muda, lakini nitie saini juu ya nini?"

"Nitaandika ombi jingine."

"Muda wa kuomba ulishapita. Linalofaa ni lile lile la zamani. Lilete."

Mkurugenzi aliteremka Hifadhi ya Nyaraka mwenyewe. Mtunza hifadhi, mtu aliyekonda kwa vumbi, alisimama kwa heshima, akachomoa Waraka ukutani na kumsomea kuanzia juu.

"Huo Waraka nimeuandika mimi," alisema Mkurugenzi.

"Ndiyo maana nausoma taratibu, bwana mkubwa. Umeandikwa vizuri sana."

"Wanafunzi wa uzamili wa Historia tunao wangapi?"

Mtunza hifadhi alimfungulia daftari la wasomaji. Lilikuwa tupu, na Mkurugenzi akakumbuka ngao.

Ndiyo sababu wafanyakazi wa karakana walishangaa kumwona mwanaume mnene, nadhifu, akiinama kuingia mlangoni mwao, akikwepa vitambaa vilivyoning'inia. Mama alikuwa na pini mdomoni. Alimwonyesha kiti kwa kidevu. Mkurugenzi akakaa, akasimama upesi, akatoa sindano, akakaa tena.

"Mwalimu, nimekuletea habari njema. Umedahiliwa."

"Nilidhani nimehifadhiwa."

"Nimetumia mamlaka yangu. Hadi mwisho wa mwezi huu bado ninayo." Alieleza shida yake kwa maneno mengi, akiita "changamoto ndogo ya kimfumo". Mwalimu Enzi alimsikiliza hadi mwisho.

"Na waombaji wengine?"

"Wepi?"

"Wa Historia. Yule mkaguzi mstaafu wa tiketi za treni. Yule dada anayefundisha chekechea. Wote tuliokaa kwenye benchi lako."

"Hilo litahitaji kikao."

Mama alitoa pini mdomoni. "Mwanangu, mwambie mgeni asije akachelewa. Naona ana haraka na mimi nafunga."

Mkurugenzi aliwadahili wote siku hiyo, akisaini barua moja moja juu ya ubao wa kupigia pasi, ambao ulikuwa bado wa moto.

Wiki iliyofuata Profesa aliingia ukumbini, akakuta watu. Alipomaliza mhadhara na kuuliza kama kuna maswali, mkaguzi wa tiketi akanyoosha mkono, na Profesa akatoa kitambaa akajipangusa macho, akidai vumbi.

Mwalimu Enzi aliingia Hifadhi, kama Mkurugenzi alivyomwomba. Ombi la Mkurugenzi alilipata bila shida, chini kidogo ya la kwake. Alipotoka, Mkurugenzi alikuwa amesimama nje.

"Liko wapi?"

"Liko ndani. Kifungu cha mwisho cha Waraka kinasema nyaraka za kihistoria hazitolewi nje wala hazitumiki katika shauri lolote la sasa. Zinaruhusiwa kutajwa katika kazi ya kitaaluma, basi."

Mkurugenzi alifumba macho. Kifungu hicho alikiweka usiku wa mwisho, ili waombaji wasije wakakata rufaa.

Alikwenda Baraza la Chuo, akajieleza. Baraza likampa nafuu: ofisi itashikwa na kaimu, na shauri lake litaamuliwa pindi kazi ya kitaaluma itakayomtaja itakapopitishwa na watahini. Akarudi karakanani kwa miguu, kwa kuwa gari lilikuwa la cheo.

"Nitaje kwenye tasnifu yako, Mwalimu."

"Tasnifu yangu ni ya washonaji."

"Sura moja tu."

"Mkurugenzi, washonaji."

"Basi hata tanbihi. Yale maandishi madogo chini ya ukurasa. Mimi si mtu wa makuu."

Mwalimu Enzi alimuuliza Profesa. Profesa alisema tanbihi huwekwa pale tu inapomsaidia msomaji kuelewa jambo ambalo bila hiyo asingelielewa. Mwalimu Enzi akasema ataangalia kama patapatikana mahali.

Kazi ilichukua muda, kama kazi ya namna hiyo inavyopaswa. Mkurugenzi alikuwa akipita karakanani kuulizia imefika wapi. Alizoeleka. Mama, asiyependa mtu akae bure, alimpa mkasi mdogo wa kupunguzia nyuzi, na ikaonekana ana mkono mzuri. Alipoulizia mara nyingi mno, wanawake wa cherehani walikuwa wanamrushia nguo nyingine, naye anarudi kwenye nyuzi.

Tasnifu ikaisha, ikapita kwa watahini, ikasifiwa. Mkurugenzi alichukua nakala hata wino haujakauka, hakuisoma, alitafuta tu jina la cheo chake kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, akalikuta. Akaikimbiza Baraza la Chuo, akaiweka mezani imefunguliwa pale pale. Mwenyekiti wa Baraza aliweka miwani, akasoma kwa sauti maandishi madogo chini ya ukurasa:

"Jina la mwanamke aliyebuni kola halijulikani. Msimulizi alilijua, lakini alifariki kabla ya mazungumzo kukamilika, kwa kuwa mtafiti alitumia zaidi ya mwaka kusubiri jibu la aliyekuwa Mkurugenzi wa Udahili."

Mwenyekiti alirudia maneno ya mwisho, polepole. Kisha akawageukia wajumbe, akasema kwamba kazi hii imepitiwa na watahini wa ndani na wa nje, imepigwa mhuri, na inamtambua mhusika kuwa ni "aliyekuwa". Baraza halina mamlaka ya kubishana na historia. Shauri likafungwa, wajumbe wakaenda kula.

Mkurugenzi alimkuta Mwalimu Enzi karakanani, amekaa kwenye kiti cha dirishani, kitabu mapajani. Alisimama mbele yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Nakubali, niliyafanya," alisema. "Lakini Mwalimu, cheo umeandika, kosa umeandika. Mbona hata jina langu hukuliweka? Miaka mia ijayo nani atajua ni mimi?"

"Kanuni za utafiti haziruhusu kumtaja kwa jina mtu aliye hai bila idhini yake ya maandishi," alisema Mwalimu Enzi. "Wiki ile uliyonidahili, ulipokuwa bado ofisini, nilileta barua ya kuiomba. Hadi leo hujanijibu."